Ukitafuta parishi ya Uskoti, mtafute aliyeshika kalamu

Aliyesoma historia ya Buganda anamjua Alexander Mackay, fundi na mmisionari aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1878, akapiga chapa maandiko ya Luganda, na akafariki Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1890. Karibu kila wasifu wake huanza kwa maneno yale yale: alizaliwa Rhynie, Aberdeenshire, Uskoti, mwaka 1849.

Sentensi hiyo inaonekana kama anwani kamili. Sasa ifuate uone. Andika Rhynie mtandaoni, utaletewa mawe yenye visukuku vya mimea ya zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na jiwe lingine lililochongwa mtu mwenye shoka begani. Fungua orodha ya madaftari ya ubatizo, jina Rhynie halisimami peke yake. Limeandikwa Rhynie and Essie. Rudi nyuma hadi zama za kati, ulitafute kanisa hilo katika kumbukumbu za maaskofu wa Aberdeen, utatoka mikono mitupu, maana Rhynie ilikuwa chini ya askofu wa Moray. Na hata ukilipata daftari lenyewe, la mwaka wenyewe, si ajabu mtoto Mackay asiwemo, kwa sababu ya mgogoro wa kanisa uliotokea miaka sita kabla hajazaliwa.

Wapo wengi wanaokwama hapa: wanafunzi wanaoandika kuhusu wamisionari, na watu wa Kenya, Tanzania na Malawi waliorithi jina la Kiskoti kutoka kwa babu aliyekuja kama bwana shamba, fundi au baharia. Wanahitimisha kwamba kumbukumbu zimepotea. Mara nyingi hazijapotea. Wametafuta mahali kama nukta kwenye ramani, ilhali kumbukumbu za Uskoti zilipangwa kwa kufuata watu waliokuwa na wajibu wa kuandika. Swali la kwanza kwa hiyo si "Rhynie iko wapi?" bali "siku ile, nani alikuwa ameshika kalamu?"

Parishi maana yake nini

Neno lenyewe linatuchanganya. Mkatoliki akisikia parokia humwona padri na waumini wake. Mlutheri husema usharika. Uganda nako parishi ni ngazi ya serikali, juu ya kijiji na chini ya kaunti ndogo, na anayesikia habari za mpango wa maendeleo ya parishi hafikirii kanisa hata kidogo.

Parishi ya Uskoti ilikuwa mambo hayo yote kwa pamoja. Lilikuwa eneo la kanisa la taifa, lile la Kipresbiteri, likiwa na mchungaji mmoja na baraza la wazee. Baraza hilo hilo ndilo lililogawa msaada kwa maskini, likaangalia shule na kuwahoji vijana waliozaa nje ya ndoa. Serikali ilipotaka kuhesabu watu au kutoza kodi, ilitumia mipaka hiyo hiyo. Parishi zilivuliwa kazi za utawala mwaka 1930, lakini 871 kati yake bado zinatumika katika takwimu, kama mifupa ya mwili uliokwisha.

Kwa hiyo parishi si kijiji. Ifikirie kama kata: ndani yake mna vijiji, mashamba, kinu cha kusagia nafaka, mto, na nyumba za wachungaji wa kondoo mlimani ambao kanisani walifika kwa shida. Wote hao waliandikwa chini ya jina moja, na jina hilo huenda lisifanane na la kijiji hata kimoja. Mji wa Oban, unaojulikana na kila mtalii, ulikuwa ndani ya parishi ya Kilmore and Kilbride. Tomintoul iko katika Kirkmichael. Carnoustie, mji wa gofu, uligawanyika kati ya parishi mbili, Barry na Panbride. Anayeandika Oban kwenye kisanduku cha parishi akitafuta ubatizo wa mwaka 1790 ni sawa na anayetafuta jina la kituo cha daladala kwenye orodha ya kata.

Barry hiyo ndiko alikozaliwa John Kirk mwaka 1832, baba yake akiwa mchungaji. Huyu ndiye balozi mdogo wa Uingereza aliyembana Sultan Barghash hadi mkataba wa 1873 ulipofunga soko la watumwa Unguja. Ukitafuta Barry bila kutaja kaunti, utapelekwa Wales, kwenye mji wa jina hilo ulio mkubwa kuliko kijiji cha Kirk. Ukitaja kaunti nako kuna mtihani: vitabu vya zamani vinasema Forfarshire, ramani za leo zinasema Angus. Ni kaunti ile ile, iliyobadilishwa jina rasmi mwaka 1928. Kaunti zote zilifutwa kama ngazi ya utawala mwaka 1975, mipaka ikachorwa upya tena mwaka 1996. Kumbukumbu za kale hazikubadilika. Anayezitafuta lazima ajue jina la kaunti la wakati zilipoandikwa.

Majina pacha na majina ya kuunganishwa

Sisi tunazo Majengo nyingi: Mombasa, Nairobi, Moshi, Dodoma. Hakuna anayeshangaa, kwa sababu tunajua maana ya neno, na tunajua kwamba popote penye nyumba mpya panaweza kuitwa hivyo. Uskoti nako ni vivyo hivyo, ila maana imejificha ndani ya lugha zisizosikika tena mahali pengi. Kil- mwanzoni mwa jina hutokana na Kigaeli na maana yake ni kanisa. Kirk- ni kanisa pia, kwa neno lililoingia kupitia lugha ya Waviking. (Jina la ukoo la yule balozi wa Unguja lina maana hiyo hiyo.) Kilbride ni kanisa la Mtakatifu Brigid, na watakatifu maarufu walikuwa na makanisa kila pembe. Kuna East Kilbride kaunti ya Lanark, West Kilbride kaunti ya Ayr, Kilbride kisiwani Arran, na ile ya Oban. Kirkmichael, kanisa la Mikaeli, ni jina la parishi nne tofauti: Perthshire, Banffshire, Dumfriesshire na Ayrshire. Cheti kinachosema tu "alizaliwa Kirkmichael" hakijamaliza maneno.

Kubwa zaidi ni parishi zilizounganishwa. Watu walipokuwa wachache au fedha za kumlipa mchungaji zilipokosekana, parishi mbili zilifanywa moja, na majina yote mawili yakabaki kama ya bibi na bwana harusi. Rhynie ilioa Essie. Orodha moja inaweza kuyaweka chini ya R, nyingine ikayageuza. Na jina la pili lina mtego wake, kwa sababu kaunti ya Angus iko parishi nyingine iitwayo Eassie and Nevay. Herufi moja tu, na umehamia upande mwingine wa milima.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa David Livingstone. Yeye alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, Lanarkshire, mahali ambapo jina hilo la Blantyre leo linabebwa na mji wa pili kwa ukubwa huko Malawi, kutokana na misheni ya Waskoti iliyoanzishwa mwaka 1876. Lakini baba yake alizaliwa Ulva, kisiwa kidogo ubavuni mwa kisiwa cha Mull, ambako babu alikuwa mkulima kabla ya kuhamia Blantyre kwenye viwanda vya pamba. Mtafiti anayetaka kufuata ukoo huo akiandika Ulva, haoni daftari la wakati huo lenye jina hilo. Ulva ilikuwa sehemu ya parishi iitwayo Kilninian and Kilmore. Isome tena, kisha ukumbuke ile ya Oban: Kilmore and Kilbride. Zote zina Kilmore, zote ziko kaunti ya Argyll, na bahari iko katikati yao. Mtu aliyechoka usiku mbele ya kompyuta atabofya isiyo yake na hatajua kamwe.

Kwa bahati wenye kumbukumbu waliliona tatizo hili. Madaftari ya kale ya parishi yamepewa namba, kuanzia Shetland kaskazini kabisa na kushuka kaunti kwa kaunti hadi Wigtownshire kusini magharibi, kutoka 1 hadi 901. Glasgow ni 644, Edinburgh ni 685. Ukishaijua parishi yako, andika namba yake kwenye karatasi na uishike hiyo. Jina linaweza kukudanganya. Namba haidanganyi, na ukubwa wake tu unakuonyesha kama uko kaskazini au kusini.

Tahajia: karani aliandika alichosikia

Dhana moja inayowapotosha wengi ni kwamba kila mahali pana tahajia moja sahihi, na nyingine ni makosa. Kabla ya karne ya 19 hapakuwa na mwenye mamlaka ya kusema ipi sahihi. Karani aliandika alichosikia, kwa herufi za lugha yake. Tunalijua jambo hili vizuri. Mjerumani aliandika Muansa na Udjidji, na hakuna anayedhani hiyo ni miji mingine mbali na Mwanza na Ujiji. Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu nchini Kenya, inasimuliwa kuwa ni neno "Scot" lilivyotua kwenye ulimi wa Wakikuyu, baada ya Waskoti kujenga misheni pale. Sikio ni lile lile, mwelekeo tu umegeuka.

Tahajia ya Kiskoti cha kale ina tabia chache ambazo ukizijua zinakufungulia mlango. Sauti ambayo Waingereza huandika wh, Waskoti waliiandika quh, kwa hiyo Whithorn unaitafuta chini ya Q. Pili, palikuwa na herufi ya kale iliyofanana na tarakimu 3, yenye sauti ya karibu na y yetu. Wapiga chapa hawakuwa na herufi hiyo kwenye masanduku yao ya herufi za chapa, wakaweka z badala yake. Ndiyo sababu parishi ya Monzie, Perthshire, ina z ambayo wenyeji hawaitamki. Wao husema karibu na "Moni". Mtu aliyesimuliwa jina hilo na bibi yake na kuliandika kwa sikio hataliona kwenye orodha mpaka aambiwe siri hii. Kilconquhar ya Fife ni kali zaidi: wengi huko hutamka kitu kama "Kinaha".

Kwa hiyo unapotafuta, usiandike jina zima. Andika mwanzo wake na uache nafasi wazi, jaribu i mahali pa y, ondoa h, badilisha u na v na w. Rhynie ijaribu kama Rynie na Ryny. Na kama jina umelipata kwa simulizi, litamke kwa sauti kabla ya kuliandika.

Hazina ya tahajia hizi ni vitabu vya majina vya wapima ramani wa serikali, vilivyoandikwa kati ya 1845 na 1878. Navipenda kuliko kumbukumbu nyingine zote za jamii hii. Wapimaji walipofika mahali, hawakuweka jina kwenye ramani hivi hivi. Safu moja waliandika jina litakalochorwa, safu ya pili namna zote linavyoandikwa, safu ya tatu watu waliothibitisha, mara nyingi mchungaji, mwalimu au mwenye ardhi, kisha wakaeleza palivyo: nyumba ya mawe yenye paa la nyasi, kisima, magofu ya kanisa. Hata shamba lenye nyumba moja limo, na parishi yake imetajwa. Kasoro yake iko katika nchi ya Kigaeli. Wapimaji wengi walikuwa askari wasioijua lugha hiyo, na kauli ya mwenye ardhi ilikuwa na uzito kuliko ya mpangaji wake aliyejua maana ya jina. Vitabu vya Aberdeenshire ni vya 1865 hadi 1871, na picha za kurasa zake zinasomeka mtandaoni. Ramani za zamani, tangu zile zilizochapwa Amsterdam na Joan Blaeu mwaka 1654, zimewekwa bure na Maktaba ya Taifa ya Uskoti.

Kama hayumo daftarini

Hapa ndipo dhana mbaya kuliko zote: kwamba asiyeandikwa hakuzaliwa pale.

Kabla ya tarehe 1 Januari 1855 serikali haikusajili vizazi. Kalamu ilikuwa mikononi mwa kanisa la taifa. Daftari la kale kuliko yote yaliyobaki ni la Errol, Perthshire, la mwaka 1553, lakini mengi ya nyanda za juu na visiwani yanaanza karne mbili baadaye au zaidi. Kuandikisha kuligharimu fedha. Kati ya 1783 na 1794 ilitozwa kodi ya peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa na maziko yaliyoandikwa, na maskini wakafanya ambalo maskini wowote wangefanya: wakabatiza, wasiandikishe. Wakatoliki na Waepiskopali, yaani Waanglikana wa Uskoti, walikuwa na madaftari yao. Mengine yaliungua, mengine yalilowa.

Kisha ukaja mwaka 1843. Wachungaji zaidi ya 400 walitoka kwenye kanisa la taifa, wakipinga wenye ardhi kuwachagulia watu mchungaji, wakaunda Kanisa Huru. Waliacha nyumba, mishahara na majengo, na waumini wakawafuata. Baba yake Mackay alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru hapo Rhynie. Kwa hiyo mwaka 1849 parishi ya Rhynie and Essie ilikuwa na wachungaji wawili wenye kalamu mbili, na daftari la parishi lilikuwa la yule mwingine. Anayemtafuta mtoto huyu kwenye daftari la parishi peke yake amebisha hodi nyumba ya jirani.

Linganisha na Joseph Thomson, mpelelezi aliyepita nchi ya Wamaasai 1883 na 1884, ambaye jina lake linaishi kwa swala tomi. Alizaliwa Penpont, Dumfriesshire, mwaka 1858. Miaka tisa tu imemtenganisha na Mackay, lakini katikati yao pako 1855. Wakati wa Thomson msajili wa serikali aliandika kila mtoto, wa kanisa lolote au asiye na kanisa, naye alitumia mipaka ile ile ya parishi. Hapo kazi ni ya dakika chache, na kuangalia faharasa kwenye tovuti ya serikali ya nasaba za Uskoti hakulipiwi; kinacholipiwa ni picha ya ukurasa.

Njia ninayoifuata mimi

Ninaanza na jambo la hakika lililo karibu zaidi na leo, kisha narudi nyuma. Kamusi za mahali za karne ya 19, hasa ile ya Francis Groome iliyotoka kati ya 1882 na 1885, zinataja kijiji, parishi na kaunti kwa sentensi moja, na zikiwa na Kirkmichael nne zinaziweka pamoja kwenye ukurasa. Kutoka hapo naingia kwenye ramani ya wakati huo na kitabu cha majina, nione mipaka. Mipaka inahitaji uvumilivu: Gartly, jirani ya Rhynie, sehemu yake ilikuwa Banffshire na sehemu Aberdeenshire hadi ilipowekwa sawa mwaka 1891, na parishi kadhaa zilikuwa na vipande vilivyojitenga kabisa, kama shamba la urithi lililobaki katikati ya mashamba ya wengine.

Baada ya hapo ndipo madaftari. Nikikwama, nasoma maelezo ya mchungaji mwenyewe. Sir John Sinclair aliwatumia wachungaji wa parishi zote maswali zaidi ya 160, na majibu yao yalichapwa kati ya 1791 na 1799 katika juzuu 21. Duru ya pili ikafuata 1834 hadi 1845. Wengi walianza na jina la parishi yao: asili yake, linavyoandikwa zamani, imeunganishwa na ipi. Maana wanazotoa wakati mwingine ni za kubahatisha, lakini tahajia na habari za muungano ni za mtu anayeishi pale, anayejua kila mlango.

Zaidi ya hapo, kuelekea zama za kati, kalamu inahamia kwa makarani wa wafalme na maaskofu, na hapo uliza dayosisi kwanza, si kaunti. Kwa Rhynie ni Moray, kupitia bonde la Strathbogie. Na usisahau jina la pili. Mwaka 1058 mfalme Lulach, mtoto wa kambo wa Macbeth, aliuawa Strathbogie baada ya kutawala miezi michache tu. Mahali alipofia orodha za wafalme zimepaandika Esseg, na panatambuliwa kuwa Essie. Aliyetafuta Rhynie peke yake, miaka yote hiyo, amempita mfalme huyo bila kumwona.